Uimara, Uchovu na Uchakavu: Maneno Yetu na Injini za Magari ya Mbio Zinapozeeka

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maneno machache ambayo wafasiri wetu huyatumia wanapoeleza habari za injini zenye nguvu nyingi, hasa zile za magari ya mbio yaliyokwisha kuwa makongwe. Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu nini watu wa Mkunya, wa Newala na wa Masasi, ambako vyombo vinavyoonekana zaidi barabarani ni pikipiki, malori ya korosho na Land Rover za zamani. Jibu letu ni kwamba magari haya yamekwisha kufika huko. Malipo ya korosho yanapotoka, wako wanunuzi wanaokwenda Dar es Salaam na kurudi na Subaru Impreza, au gari jingine la Kijapani lililoundwa kwa ajili ya kasi, ilhali limekwisha kutimiza miaka kumi na mitano au ishirini tangu litoke kiwandani. Muuzaji amewaambia kwamba injini ni imara. Fundi wa kijijini ndiye atakayeulizwa baadaye neno hilo lilikuwa na maana gani.

Tuanze na sentensi ya aina ambayo wasomaji wetu wameizoea: "Gari hili la michezo lina injini ya utendaji wa juu yenye uimara wa muda mrefu." Sarufi yake haina kosa, wala hakuna neno ndani yake lisilojulikana. Hata hivyo karibu kila neno limepotea njia. Mtoto wa Mkunya akiambiwa "gari la michezo" atafikiri kigari cha waya alichojiundia mwenyewe, na mwalimu wake atafikiri basi la kuchukulia timu. "Gari la mbio" latosha, na pale linapokuwa gari la kushindania hasa, tuseme "gari la mashindano". Ama "utendaji wa juu" ni maneno ya ofisini. Utendaji hupimwa kwa watumishi, mwisho wa mwaka, kwa fomu. Kinachokusudiwa katika injini ni nguvu inayopatikana kwa kila lita ya ujazo wake, na kwa sababu hiyo tunapendelea "injini ya nguvu nyingi". Haya ni madogo, tusiyachelewee.

Neno lenye madhara ni "uimara". Imara ni kitu kisichotikisika: nguzo, msimamo, ukuta. Neno hili linaeleza hali ya kitu kilivyo sasa, wala halisemi lolote juu ya muda. Mchongaji wa Kimakonde anajua kwamba mpingo ni mti mgumu kupita karibu miti yote aliyowahi kuishika, na anajua pia kwamba gogo lake likiharakishwa kukauka hupasuka. Ugumu wake haukumdanganya kuhusu kudumu kwake. Mfasiri anayeandika "uimara" mahali pa kudumu anamnyima msomaji ujuzi ambao msomaji huyo tayari anao katika kazi yake.

Tuchukue mfano unaojulikana Afrika Mashariki nzima. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Gari la Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ilikuwa na silinda sita, ujazo wa lita 2.4 na nguvu za farasi zipatazo 150, na krankshafti yake, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, ilikaa juu ya beringi saba. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuka mara 12,000 katika dakika hiyo moja. Watu wakasema: injini imara. Lakini mashindano yale yalipima jambo jingine. Yalikuwa ya siku chache, zaidi ya kilometa 5,000 za vumbi, matope na mawe, na mafundi wakingoja njiani wenye vipuri mikononi. Sifa iliyopimwa ni ustahimilivu, yaani kupokea mateso makali kwa muda mfupi bila kushindwa. Injini yaweza kuwa na ustahimilivu mkubwa na isidumu hata kidogo. Injini nyingi za mashindano zimeundwa hivyo kwa makusudi, zifunguliwe kila baada ya shindano.

Kuna na sifa nyingine ambayo wafasiri huimeza ndani ya "uimara". Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda Safari mwaka 1966 na mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Gari hilo halikuwa la mbio kwa asili, lilikuwa gari la kawaida la familia. Silinda zake zilikuwa za kuvuliwa: kila moja ni bomba linaloingizwa ndani ya mwili wa injini na kuzungukwa na maji, na likilika hutolewa likaingizwa jipya. Peugeot 504 nayo iliundwa hivyo. Fundi aliye mbali na mashine ya kuchongea silinda aliweza kuifanya injini hiyo kuwa mpya, maadamu alipata vipuri na mahali safi pa kufanyia kazi. Je, tuseme injini hiyo ilikuwa imara? Ilikuwa inatengenezeka. Kwa watu wa Newala, ambako barabara ya kutoka Mtwara kupitia Mnivata na Tandahimba hadi Masasi, yenye urefu wa kilometa 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, sifa ya kutengenezeka ina uzito kuliko nguvu za farasi zote.

Kwa hiyo tunapendekeza "udumu" kwa maana ya kuendelea kufanya kazi ipasavyo kwa muda mrefu. Wako watakaosema neno hili ni geni masikioni. Tunakiri kwamba si la kila siku, lakini tumezingirwa: "udumavu" limekwisha kuchukuliwa na watu wa lishe kwa mtoto asiyekua, nalo kwa asili latokana na kudumaa wala si kudumu, na "maisha ya injini" ni maneno mazuri katika mazungumzo ila hayazai kivumishi. Udumu, na kitu chenye udumu, lugha itayazoea.

Hadi hapa tumezungumza juu ya sifa njema. Upungufu mkubwa zaidi tunauona katika maneno ya kuharibika, na hapo ndipo mafundi wa Mkunya na Newala walipotufaa kuliko vitabu. Tulipokaa nao kukusanya maneno yao, hatukumsikia hata mmoja akisema injini "imechakaa", isipokuwa alipokuwa akizungumza na mteja. Wenyewe kwa wenyewe husema silinda imelika, ringi zimelika, injini inakula oili, inachemsha, inamwaga, imekosa pumzi. "Kuchakaa" ni neno la nguo, la mkeka na la paa: kitu kizima kimeisha kwa kutumika. "Kulika" hudai mtendaji. Kitu kikilika, lazima kipo kinachokila, na fundi hana budi kukitafuta.

Katika uwanda wa Makonde kinachokila hakihitaji kutafutwa mbali. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mchanga, na chembe zake ni za jiwe lile linalotengenezewa kioo, ambalo lina ugumu kushinda chuma cha silinda. Injini ya lita mbili ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta lita zipatazo 6,000 za hewa kila dakika, na yenye turbo huvuta zaidi ya hapo. Chujio likichanika, au likifungwa vibaya baada ya kupulizwa, chembe hizo huingia, zikachanganyika na oili na kuwa kama dawa ya kung'arishia vyombo. Ringi husagika, hewa iliyoshindiliwa hupenya, oili hupanda na kuungua, na moshi wa buluu hutoka nyuma. Injini ya nguvu nyingi haiwezi kuvumilia kosa hili kwa muda ambao injini ya lori ingevumilia, kwa kuwa nafasi zilizopo kati ya vipande vyake ni finyu na joto lake ni kubwa. Yote haya yamo ndani ya kitenzi "kulika". Ndani ya "kuchakaa" hayamo.

Tuongeze hapa jambo linalotuudhi. Wafasiri wengi huandika "badilisha mafuta baada ya kilometa 5,000". Kwa dereva wa Tanzania mafuta ni petroli au dizeli. Kinacholainisha injini ni oili. Tumeona tafsiri safi kabisa, isiyo na neno la kukopa hata moja, ambayo fundi hawezi kuifuata bila kubahatisha. Usafi wa namna hiyo haumsaidii mtu.

Sasa tuje kwenye "uchovu wa metali". Neno hili lina watetezi, na kwa juu juu linapendeza: metali iliyofanya kazi nyingi imechoka, kama mtu. Ubaya wake uko papo hapo katika ulinganisho. Mtu aliyechoka hulala, akaamka na nguvu zake. Metali haina usingizi. Boliti inayoshika konrodi huvutwa na kuachwa katika kila mzunguko wa krankshafti. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 360,000 kwa saa moja. Mahali penye mkwaruzo mdogo au kona kali huanza ufa usioonekana kwa macho, nao husonga mbele kidogo kidogo kila mvuto mkubwa unapokuja. Tena mvuto wenyewe haukui sawasawa na mwendo: mizunguko ikipanda kutoka 5,000 hadi 7,000, mvuto unaoikabili boliti hukaribia kuwa maradufu. Gari likilazwa bandani miaka kumi, boliti ile huamka na hesabu yake ileile. Kisha siku moja hukatika, na konrodi ikatoboa ubavu wa injini, pasipo moshi wala mlio wa kumwonya dereva.

Fikiri neno hilo linavyosikika kwa dereva anayepanda kutoka Masasi kwenda Newala. Kwenye mlima injini huchemsha. Yeye hulisimamisha gari pembeni, akafungua boneti, akasema anaipumzisha injini. Anafanya sawa. Joto ni jambo linaloondoka, na injini iliyopoa imerudia hali yake, mradi haikuchemka kupita kiasi. Mtu huyu akisoma katika kitabu chetu kwamba metali ina "uchovu", ataelewa kwamba dawa ni ileile: kupumzisha. Tumempa neno linaloahidi tiba ambayo haipo. Hatudhani kwamba mwalimu wa fizikia atapata shida hiyo darasani, kwa sababu atalifafanua neno na kuendelea; lakini kitabu cha maelezo ya gari hakina mwalimu ndani yake.

Tunapendekeza "ufa wa marudio" kwa kile kinachotokea, na "kukatika kwa marudio" kwa mwisho wake. Yeyote aliyewahi kuukunja waya huku na huku mpaka ukatike amekwisha kuliona jambo hili, na watoto waundao vigari vya waya hulifanya kila siku kwa kukosa koleo. Istilahi hii humfanya msomaji aulize swali linalofaa, yaani mara ngapi. Humsaidia pia kupokea tofauti nyingine ambayo "uchovu" huificha: kwamba chuma cha pua, kikivutwa chini ya kiasi fulani, chaweza kuvutwa mara zisizo na idadi bila kufanya ufa, ilhali aluminiamu haina kiasi salama cha namna hiyo, nayo ndiyo inayofanyia pistoni na vichwa vya silinda.

Si kila kukatika au kuachia ni kwa marudio, na hapa mfano wa Porsche 911 wafaa. Injini yake ilipozwa kwa hewa hadi miaka ya mwisho ya 1990. Kwa miaka kadhaa hadi 1977 mwili wa injini hiyo ulifanywa kwa magnesiamu, ili kupunguza uzito. Ujazo ulipoongezwa hadi lita 2.7 na joto likazidi, parafujo ndefu zinazokaza vichwa vya silinda zilianza kuchomoka pamoja na nyuzi zake, kwa kuwa magnesiamu ni laini na metali zile hazitanuki kwa kipimo kimoja. Dawa ilikuwa kutia nyuzi mpya za chuma ndani ya matundu, na kiwanda chenyewe kikahamia aluminiamu kwa injini za lita 3.0. Mfasiri atakayeandika kwamba injini hizo "hazikuwa imara" atakuwa hajasema uongo, lakini fundi hatajua afungue wapi. "Nyuzi huachia kwa joto": maneno manne, na kazi inaweza kuanza.

Limebaki "uchakavu", ambalo limetoka gereji na kuingia katika sheria na forodha. Nchini Tanzania gari lililotimiza miaka minane tangu kuundwa huongezewa ushuru linapoingizwa, na watu wengi huuita ushuru wa uchakavu. Kenya hulikataa kabisa gari lililopita miaka minane. Hatuna ugomvi na ushuru wala na katazo. Serikali zina sababu zake. Ugomvi wetu ni na jina. Kinachohesabiwa ni umri, na umri husomwa katika karatasi. Uchakavu ungehesabiwa kwa kupima mgandamizo wa silinda na kuangalia oili. Gari la miaka mitano lililoendeshwa vibaya huingia likihesabiwa zima, na la miaka kumi lililotunzwa huingia likihesabiwa limechakaa. Mtumishi wa forodha hana kosa. Lakini mnunuzi wa Mkunya huchukua jina hilo kuwa cheti: gari langu halikutozwa uchakavu, kwa hiyo injini ni nzima. Tungeliita "ushuru wa umri", cheti hicho cha bandia kisingekuwapo.

Wala hatusemi kwamba umri peke yake hauli. Kuna sehemu za injini zinazozeeka hata zisipotumika. Mipira ya kuzuia oili hukauka na kukakamaa, gasketi hushikamana na kupasuka, maji yaliyosahauliwa katika rejeta hutafuna aluminiamu, na kutu huota juu ya kuta za silinda zilizoachwa bila oili. Mkanda unaozungusha kamshafti katika injini nyingi za Subaru za miaka ya 1990 ulipangiwa kubadilishwa kwa kilometa zipatazo 100,000. Mtu aliyeendesha kilometa 40,000 tu katika miaka kumi na mitano hudhani bado ana akiba, kumbe mpira una kalenda yake. Kwa mambo haya neno liko tayari, nalo ni "kuzeeka". Tuliache lifanye kazi hiyo peke yake, na "kulika" lifanye ile ya msuguano.

Jambo hili la umri lina utata mmoja tunaoutaja ili watunga fomu waufikirie. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari kwa magari ya zamani, yanayopita Kenya na kwa miaka kadhaa Tanzania pia. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda kwa Porsche 911. Gari la aina hiyo lilikuwa limemponyoka ushindi mwaka 1974, alipomaliza wa pili, na halikuwahi kushinda Safari yenyewe katika miaka ya ujana wake. Waandishi walishangilia udumu wa injini kongwe. Lakini injini za mashindano hayo hufunguliwa kabisa, hupimwa nyufa, hutiwa pistoni, ringi, beringi na boliti mpya, kisha hufungwa upya. Gari lilikuwa kongwe. Kilichomo ndani hakikuwa. Kadi yetu ya gari ina nafasi ya mwaka wa kuundwa na nafasi ya namba ya injini, haina nafasi ya mwaka injini ilipofungwa upya. Fundi wa Newala huandika tarehe hiyo kwa msumari juu ya bati, au huishika kichwani.

Tumesikia hoja kwamba maneno ya gereji ni ya mitaani, hayafai kuingia katika tafsiri sanifu. Hoja hii tungeikubali kwa "mkono umekula" na mzaha wa namna hiyo. Kwa "kulika", "kuchemsha" na "oili" hatuikubali. Rajmund Ohly alipotoa kamusi yake ya ufundi mwaka 1987, Dar es Salaam, alikuwa akishughulikia haja hiihii, na kazi hiyo haijaisha. Istilahi ya ufundi hupimwa mkononi mwa mwenye spana.

Kwa hiyo sentensi tuliyoanza nayo tungeiandika hivi, kwa gari mojawapo kati ya hayo yanayopelekwa Masasi: "Gari hili la mbio lina injini ya nguvu nyingi. Huvumilia mwendo mkali kwa muda mfupi. Ili idumu, linda chujio la hewa, badilisha oili kwa wakati, iache izunguke polepole dakika chache kabla ya kuizima baada ya mwendo mkali, na badilisha mkanda wa kamshafti kwa umri au kwa kilometa, kitakachotangulia." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na muuzaji hataipenda.

Neno moja tumeshindwa kuliweka mahali pake, nalo ni "kunoki". Kwa mafundi wengi injini "iliyonoki" ni iliyokufa ndani, aghalabu kwa beringi kusagika na konrodi kugonga. Lakini asili ya neno ni mlio, na mlio huohuo wa kugonga hutoka pia petroli inapowaka kabla ya wakati wake, jambo ambalo injini yaweza kupona ikiwa dereva atapunguza mwendo na kutia petroli bora. Fundi mmoja wa Mkunya alitueleza kwamba yeye hutofautisha kwa kuuliza mlio ulitokea gari likipanda mlima au likiwa limesimama. Mpaka kamati itakapoamua, katika jarida hili tutaandika "kugonga kwa moto" kwa jambo la pili na "kugonga kwa beringi" kwa la kwanza, na "kunoki" tutaiacha kwa injini ambayo haizunguki tena.